Vishikizo vya Jicho la Kushoto

Jicho langu la kushoto lilitolewa asubuhi, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeshauliza zaidi ya mara moja mlango wa kutokea uko wapi. Nesi akaniambia, "Mzee, hata kitanda hakijapata joto." Nikamwambia hakuna kitanda nilichowahi kukipasha joto popote, asiliweke moyoni.

Nilikuwa fundi wa kuandika mabango. Nimeandika vinyozi, gereji, maduka ya dawa, na mara moja ubavu wa gari la maiti. Nikifika mji napanda ngazi, naandika, nashuka, nahama. Shule nayo niliisoma hivyo hivyo, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine, na yapo madarasa ambayo hadi leo hatujakutana. Kwa hiyo daktari wa macho aliponikalisha chini kunieleza ugonjwa wangu nilimwomba aniambie kama anavyomwambia mtu wa barabarani.

"Ni saratani," alisema. "Imeanzia ndani ya jicho, kwenye lile tabaka jeusi la nyuma. Jicho tumelitoa. Shida ni kwamba aina hii ina tabia ya kutembea."

"Inatembea inaenda wapi?"

"Mara nyingi kwenye ini."

"Haipiti popote kwanza?"

"Haipiti. Inapanda damu, inashukia ini. Na kwenye picha ya ini lako kuna kidoa, kidogo kama punje ya mtama."

Nilicheka. Nilikuwa nimebeba msafiri mwenzangu bila kumjua. Lakini mpwa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, hakucheka, na mimi nikaacha.

Huyu mpwa ni binti wa marehemu dada yangu. Tangu utotoni tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Anafanya kazi ghorofa ya chini ya hospitali hiyo hiyo, kwenye maabara ya seli. Yeye ndiye aliyeomba jicho lisitupwe. Usiku wa kuamkia kutolewa aliniuliza, "Mjomba, utanipa?" Nikamwambia nilifikiri nitaondoka nalo kwenye kichupa, niwe nalitazama nalo linanitazama. Akasema, "Usinichekeshe, nina kazi nalo." Hivyo jicho likanitangulia ghorofa ya chini, nami nikahamia kwake, kwenye chumba chake cha mbele, kati ya meza ya plastiki na baiskeli mbovu.

Jioni ya pili alinieleza yote akiwa anaanua nguo kibarazani.

"Mwilini una askari. Seli nyeupe. Wanazunguka kwenye damu mchana na usiku. Wakishuku jambo wanatoa protini, na protini hizo ndizo ujumbe wao. Kuna moja inaitwa intaferoni, kuna nyingine, zipo nyingi. Ujumbe ukifika kwenye seli, seli inatakiwa itoe vishikizo juu ya ngozi yake. Askari akija, anashika kile kishikizo, anasimama, anakagua. Seli ikiwa mbovu anaiua."

"Na isipotoa?"

"Askari anateleza. Anapita."

"Kama mwizi aliyejipaka mafuta," nikasema. "Umemfikia kabisa, lakini huna pa kumshika."

"Hivyo hivyo." Akanirushia shuka nishike pembe mbili. Nilidaka hewa. Ukiwa na jicho moja vitu haviko pale unapoviona. Chai yangu nyingi siku zile ilinywewa na meza. Akaniwekea pembe mkononi, tukakunja.

"Sasa nisikilize, Mjomba. Kuna dawa inajaribiwa huko juu. Inawafanya askari watoe ujumbe kwa nguvu zaidi. Lakini daktari anachukua tu watu ambao seli zao zinasikia. Seli zako ninazo, zinakua. Nitazimwagia ile protini. Zikitoa vishikizo, unaingia kwenye dawa. Zisipotoa…"

"Zisipotoa nakwenda zangu."

"Zisipotoa tutaona."

"Hapana, mama, tupatane sasa hivi. Zisipotoa naondoka, na hunifuati."

Alikunja ile shuka ikawa ndogo sana, ndogo kuliko haja. "Sawa," akasema. "Na zikitoa, unakaa. Mwaka mzima. Hapa. Dawa yenyewe inaingia kwa mshipa, unakaa kwenye kiti, unarudi, unakaa tena. Hakuna kuniambia unakwenda dukani halafu unanipigia kutoka mpakani."

Tukapatana hivyo. Kikao cha kuchagua watu kilikuwa Alhamisi.

Basi nikawa wa kusubiri, na kusubiri sijui. Nilitengeneza ile baiskeli. Nilipaka mlango rangi, na kwa kuwa kipimo cha jicho kilikuwa kimepotea, nikapaka na kitasa. Jirani aliniuliza kama nahamia. Nikamwambia nimetia nanga kidogo tu, na maneno yale yakanikera siku nzima. Mkoba wangu niliuweka karibu na mlango, nikauhamishia chini ya meza, nikaurudisha mlangoni. Ikifika mchana nakwenda hospitali kwa miguu, nashuka ngazi kwa kupapasa ukuta, nasimama nje ya kioo cha maabara kama mtu aliyekuja kumtoa ndugu yake polisi.

Mtu wa mle ndani aliyenionea huruma alikuwa fundi wa mashine ya kusomea seli. Ni mnene, mcheshi, na wenzake wanamwita Mtabiri kwa sababu hutaja jibu kabla mashine haijalitoa.

"Mzee wetu, umekuja kuwaona watoto?"

"Wapo wazima?"

"Wanakula kuliko mimi. Njoo." Akanivalisha koti jeupe, akanipeleka kwenye darubini. "Hapa huna hasara hata kidogo. Sisi wengine inabidi tufumbe moja."

Niliinama. Nilitarajia kuona kitu kibaya, chenye meno. Niliona vitu vidogo vimetulia chini ya maji ya rangi ya waridi, kila kimoja kimejitandaza na kutoa mikono pembeni, na ndani ya baadhi yao vumbi la kahawia, rangi ile ile ya jicho langu. Nilijua rangi hiyo. Nimeichanganya mara nyingi kwa ajili ya mabango ya maduka ya kahawa. Nilitazama hadi shingo ikaniuma.

"Mbona hazitembei?" nikauliza. "Daktari alisema ni za kutembea."

Sindano alikuwa nyuma yetu, anaandika kwenye vifuniko vya chupa. "Hapo zimeshika plastiki. Na hizi zako zimeng'ang'ania, Mjomba, sijapata kuona. Za wagonjwa wengine ukizimwagia maji ya chumvi kidogo tu zinaachia. Zako hata kuzihamisha chupa ni ugomvi."

"Ajabu," akasema Mtabiri. "Mwenyewe hashiki popote."

Sindano alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu dada yangu afariki, nami nikamsamehe Mtabiri palepale.

Siku ya kusoma seli ilikuwa Jumanne. Sindano alikuwa amezimwagia ile protini tangu jana yake. Kulikuwa na chupa bapa za kutosha, nyingine zenye protini na nyingine bila, ili ziweze kulinganishwa. Nikaruhusiwa kukaa kwenye kigoda karibu na sinki, kwa sharti la kutogusa kitu, sharti gumu kwa mtu mwenye mikono.

Mashine ile haisomi seli zilizoshika plastiki. Lazima zibanduliwe kwanza, ziogelee, zitiwe rangi inayong'aa ambayo inanasa kwenye vishikizo tu, halafu zipite moja moja mbele ya mwanga. Yenye vishikizo inang'aa. Isiyo navyo inapita gizani. Kwenye kioo cha kompyuta zinakusanyika kama kilima: zikiwa hazing'ai kilima kinakaa kushoto, zikiwa zinang'aa kinahamia kulia. Mtabiri alinichorea kwenye ganda la boksi la glavu.

Sindano akamwaga maji ya chumvi. Akasubiri. Akaipiga chupa kwa kiganja, akaiinua kwenye taa. Akasubiri tena. Seli zangu zilikaa kama wapangaji waliolipa.

Mlangoni walikuwa wamesimama vijana wawili wa timu nyingine na sinia lao la mirija. Zamu yao ya mashine ilikuwa inafuata.

"Dada, unamaliza?" mmoja akauliza.

"Namaliza."

Akapiga chupa tena. Mtabiri akatazama saa ya ukutani, akamtazama yeye, akatazama dari. Nilimwona mpwa wangu akiuma mdomo wa chini kama mama yake. Akaenda kwenye friji, akachukua kichupa kingine, akamwaga, akarudisha chupa kwenye kabati la joto, akasubiri tena, akatazama, akairudisha. Alipoitoa mara ya mwisho seli zote zilikuwa zinaelea. Mabega yake yakashuka. Akazitia rangi, akazipeleka mbio.

Tukasimama watatu mbele ya kile kioo. Kilima cha seli zisizopewa protini kikaota upande wa kushoto. Kisha kikaota kilima cha pili, cha seli zilizopewa. Kikakaa juu ya kile cha kwanza, mgongo kwa mgongo, hakikusogea hata upana wa ukucha.

Mtabiri hakutabiri kitu. Alijisafisha koo akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Sindano akavua glavu, kidole kimoja kimoja. "Hazikusikia," akasema.

Nitasema nilivyojisikia. Kwanza miguu yangu ilifurahi. Ilifurahi yenyewe, kama mbwa anayesikia mnyororo ukifunguliwa. Halafu nikamwona anavyoitazama ile chupa tupu, na furaha ikabaki miguuni tu, haikupanda.

Jumatano asubuhi alipokwenda kazini nilioga, nikakunja shuka, nikaiacha simu juu ya meza ya plastiki ili isinisumbue, nikachukua mkoba. Mabasi siyapendi, yana viti vyenye namba. Mimi ni mtu wa malori. Nikatembea hadi kwenye mizani ya malori nje ya mji, mahali ambapo kila gari lenye mzigo lazima lipimwe, na foleni yake ni ndefu, na madereva wote wanakuwa na hasira na hamu ya kuongea. Nikamkuta mmoja ninayemfahamu tangu akiwa utingo. Tunamwita Kobe, hajawahi kuwahi popote.

"Mzee wa brashi," akasema. "Jicho umeliweka rehani?"

"Nimelikodisha. Unaelekea wapi?"

"Mbele."

"Basi ni njia moja."

Nikapanda, nikaweka mkoba magotini. Foleni ikasogea kidogo, ikasimama. Kwa kawaida nikishakaa kwenye kiti cha lori mwili wangu hutulia, hata kama gari limezimwa. Harufu ya dizeli inatosha. Siku hiyo haukutulia. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Nilimuuliza Kobe habari za mkewe, akanijibu, nikamuuliza tena.

"Una nini?" akasema. "Unapapatika kama kuku ndani ya gunia."

"Sina kitu."

"Shuka ukojoe."

"Nimeshakojoa."

Nilijaribu kufikiria mji wa mbele, ngazi, ukuta mweupe unaosubiri. Nikafikiria herufi. Sikuwa na hakika kwamba kwa jicho moja ningeweza hata kunyoosha mstari. Na ile punje ya mtama nilikuwa nayo ndani, imekaa kimya, haina nauli, haishuki.

Tulikuwa tumebakiza malori machache mbele yetu pikipiki ya kukodi ilipopita ubavuni, ikageuka, ikarudi. Abiria wake alikuwa na kofia ya chuma kubwa kuliko mabega yake. Akaivua. Alikuwa Sindano, bado amevaa koti la maabara; anajua mimi si mtu wa mabasi.

"Shikamoo, Mjomba," akasema kutoka chini. Alikuwa na hasira. Akiwa na hasira adabu yake huongezeka.

"Marahaba. Tulipatana hunifuati."

"Tulipatana seli zisipotoa vishikizo."

"Hazikutoa. Niliona mwenyewe."

"Nilizinyoa."

Kobe akazima redio.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilizinyoa, Mjomba. Ile dawa niliyoitoa kwenye friji inabandua seli kwa kula protini. Inakula zile zinazoshika plastiki. Na vishikizo nilivyokuwa navitafuta navyo ni protini. Ukiiweka muda mfupi si neno. Mimi nilipoona hazibanduki nikaiacha, nikaiongeza, nikaiacha. Nimenyoa kila kitu, halafu nikapeleka kwenye mashine nikauliza mbona hazina nywele."

Kobe akaanza kucheka taratibu, akajifanya anakohoa.

"Umejuaje?"

"Kuna protini nyingine ambayo kila seli inayo juu yake, ujumbe uje usije. Tunaitia rangi yake ili kujua kama kazi imekwenda sawa. Jana sikuitazama. Nilikuwa natazama kilima chako tu. Leo asubuhi nikafungua ile picha, na hiyo nayo haikuwepo. Haiwezekani isiwepo." Akajifuta jasho kwa mkono wa koti. "Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mimi ndiye ninayewafundisha wasilifanye."

"Kwa hiyo vishikizo vipo."

"Sijasema vipo. Nasema sijui. Jana nilikwambia najua, na sikuwa najua."

Lori la mbele likasogea. Kobe akawasha injini, akasogea, Sindano akatembea sambamba na mlango huku ameshika kichuma cha kioo cha pembeni.

"Chupa zilizobaki na seli hai nimezigawa," akaendelea kwa sauti ya kushindana na injini. "Nusu nimezipa protini asubuhi hii, nusu hapana. Kesho nazisoma kabla ya kikao. Kikao kinataka mgonjwa mwenyewe awepo, asikilize, atie sahihi. Asipokuwepo wanaifunga orodha, wanaanza dawa. Hakuna mlango wa nyuma."

"Na kama kesho hazitasikia?"

"Nitakupandisha lori mimi mwenyewe. Nitakununulia na karanga."

"Yaani nirudi bila kujua."

"Ndiyo. Nami nimekuja hapa bila kujua. Pikipiki hii si ya kwangu."

Mwenye pikipiki, aliyekuwa nyuma yake anasubiri nauli, akaitikia kwamba ni kweli, ni ya kwake.

Nilitazama barabara mbele ya mizani, ilivyopanda na kupotea. Ningesema kwamba niliwaza mambo makubwa, lakini niliwaza mkoba: kama nishuke nao mkono wa kulia au wa kushoto, kwa sababu upande wa kushoto sikuwa naona. Mtu anayewaza atakavyoshuka ameshashuka nusu.

Magurudumu yakapanda kwenye bamba la mizani. Karani akatoka kwenye kibanda akapunga mkono. Uzito umezidi.

"Umezidi kiasi gani?" Kobe akauliza.

Karani akamwambia. Kobe akanigeukia. "Mzee, kiasi chenyewe ni wewe na mkoba wako."

"Unaongopa."

"Naongopa. Lakini shuka."

Nikashuka. Ngazi ya mwisho ya lori haikuwa pale nilipoiona, nikakanyaga hewa, na Sindano akanidaka kwenye kola ya shati. Alinishika hivyo kwa muda, kama anayeshika mtoto aliyetoroka sokoni, hata baada ya miguu yangu yote miwili kufika chini. Kobe akapiga honi ndefu. Hakuna aliyepita, alipiga tu.

Alhamisi asubuhi nilirudi kwenye kigoda changu kando ya sinki. Safari hii Sindano hakufungua friji. Aliweka zile chupa juu ya barafu, akamwaga maji yake ya chumvi, akakaa. Aliniambia baridi huzilegeza seli bila kuzikata. Hakupiga chupa kwa kiganja. Kila baada ya muda aliinua moja, akaiinamisha taratibu, akaiangalia, akairudisha. Mimi niliinuka, nikakaa, nikaenda kusoma maandishi ya kizima moto, nikarudi. Herufi zake zilikuwa mbaya.

Vijana wa timu nyingine wakaja mlangoni na sinia lao.

"Mashine inapasha moto kwanza," Mtabiri akawaambia.

"Mbona taa ni ya kijani?"

"Inapasha kwa ndani."

Wakatazamana, wakatutazama, mmoja akaliweka sinia chini akaegemea ukuta. Nadhani habari za kunyoa zilikuwa zimewafikia.

Zilipoanza kuachia ziliachia chache chache, kwa uvivu. Sindano alikwangua zilizobaki kwa kijiti laini cha mpira. Akazitia rangi. Akatazama kwanza ile protini ambayo kila seli inayo, kabla ya kitu kingine chochote. "Ipo," akasema, na nilisikia Mtabiri akipumua.

Kilima cha seli zisizopewa ujumbe kikaota kushoto. Kisha zikapita zilizopewa. Kitu kikaanza kuota katikati, kikasogea kulia, kikaendelea kusogea. Nikashika ukingo wa meza, sharti au si sharti. Lakini kushoto nako palikuwa pameota kitu, kifupi, kimekaa pale pale pa zamani. Vilima viwili.

"Hii sikuitabiri," akasema Mtabiri.

"Ina maana gani?" nikauliza.

"Sehemu kubwa imesikia," akasema Sindano. "Nyingine haijasikia." Alikuwa analia bila kelele, huku anachapa majina ya picha kwenye kompyuta bila kukosea herufi.

Daktari wa macho aliitazama ile karatasi ya vilima kwa muda, kikaoni, mbele ya wenzake. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa hilo nilimheshimu.

"Unaingia," alisema. "Lakini ujue unaingia kwenye nini. Seli zako nyingi zinasikia ujumbe, askari watakuwa na pa kushika. Nyingine hazisikii, na hizo sijui zitafanya nini. Jambo la pili: kishikizo kile ambacho askari anakishika, seli nayo inaweza kukitumia kujishikiza mahali pageni. Tunafikiri faida ni kubwa kuliko hatari. Tunafikiri. Ndiyo maana inaitwa majaribio."

"Kwa hiyo huniahidi."

"Nakuahidi kiti."

Sindano alikuwa amesimama karibu na mlango. Sijui kama alikuja kusikiliza au kuziba njia. Nilimtazama, nikachukua kalamu. Nimeandika majina ya watu wengi kwa herufi za urefu wa mtu. La kwangu nililiandika dogo, likapinda upande wa kushoto.

Wiki iliyofuata walinipeleka kwenye chumba cha dawa. Kulikuwa na viti vyenye mikono mipana, vimepangwa kando ya ukuta, na kimoja dirishani kinachotazama barabara ya hospitali. Nikaomba kile.

"Hicho ni cha wanaolala," akasema nesi, yule yule wa kitanda. "Wewe ukikaa hapo utaniangalia magari, mkono utautingisha, sindano itatoka."

"Nitautuliza."

"Mzee, wewe?"

"Mkono tu," nikasema. "Sijaahidi kingine."

Akatazama koridoni, akatazama saa, akanisogezea kile kiti. Mpwa wangu akachukua mkoba wangu kutoka mapajani. Hakuuliza; akaufungua, akatoa brashi, akazisimamisha kwenye bilauri dirishani, akaondoka na mkoba wenyewe ghorofa ya chini kazini kwake. Dawa ikaanza kuingia tone kwa tone. Nje lori likasimama, likashusha mitungi ya gesi, likaondoka. Mkono niliutuliza kama nilivyosema. Mguu wa kulia, chini ya blanketi, ulikuwa bado unatembea.